Mrututu Wangu na Ini la Mbwa wa Kaka

Kaka yangu aliuacha ukoo mzima uamini kwamba nilimuua mbwa wake kwa mrututu wa kunyunyizia nyanya, na wakati huo alikuwa ametoka kwa daktari wa mifugo akijua kuwa sivyo. Hilo ndilo kosa. Nimelitanguliza ili msomaji asidhani ninamzungusha. Yanayofuata ni namna lilivyotokea, na namna hiyo bado inanishangaza hata mimi niliyetendewa.

Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi. Alipoanza shule mimi nilibaki nyumbani na sufuria, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na mtu wa kupika alihitajika. Mama alipopona, hakuna aliyekumbuka kwamba na mimi nilikuwa na umri wa kwenda shule. Lakini kupika nimekujua. Nimepikia misiba, nimepikia harusi, nimepikia mafundi wa barabara, na mume wangu nilimpikia mpaka alipoona chakula cha mwingine kina chumvi kuliko changu. Alipoondoka, kaka akaniambia njoo ukae kwangu, nyumba ni kubwa na wifi yako hajui kukoroga hata uji. Wifi alikuwa amesimama pale pale. Akajibu kwamba uji anajua kuukoroga, asichojua ni kukoroga watu, kazi hiyo anawaachia mawifi. Tulicheka wote. Nataka ijulikane kwamba tulicheka, maana mimi na wifi tulikaa vizuri muda mrefu, tukitaniana toka asubuhi, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani kaacha kopo la chumvi wazi.

Kaka anafuga mbwa wa ulinzi. Nyuma ya nyumba kuna mabanda ya matofali yenye milango ya nondo, na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili maji ya kuoshea yashuke mferejini. Mbwa wenyewe ni weusi, warefu, wana alama mbili za rangi ya kahawia juu ya macho kama nyusi za ziada. Watu wa maghala huja kuwanunua wakiwa wadogo, na watu wenye nyumba za ukuta mrefu. Fahari ya kaka ni kwamba hajawahi kuingiza mbwa wa nje. Weusi ule, alisema, ukichanganywa umekwisha. Kwa hiyo jike alipandwa na mwanawe, dada akapandwa na kaka yake. Siku moja nilimuuliza kama hiyo si aibu. Akasema mbwa hawana aibu. Wifi akasema hata wangekuwa nayo, nani angewauliza.

Fahari ya pili ilikuwa maini. Kila asubuhi mtu wa machinjioni alileta ndoo ya maini ya ng'ombe, nami niliyakata na kuyapika na mchele wa vipande kwenye sufuria kubwa uani. Kaka aliamini maini ndiyo yanayong'arisha manyoya na kutia mbwa moyo. Siku ambayo mtu wa machinjioni alichelewa, kaka alitembea uani kama mtu anayesubiri mke wake ajifungue. Sisi watu wa nyumba ile tulikula maini kwa nadra kuliko mbwa, na wifi alizoea kusema kwamba akifa anaomba arudi akiwa na mkia.

Mkubwa wao alikuwa dume tuliyemwita Bosi. Picha yake ilichorwa kwenye kibao cha getini. Mteja akija, kwanza aliletewa Bosi amtazame, kisha ndipo aonyeshwe watoto. Mama yake Bosi alikufa kabla, amekonda, macho yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai. Kaka alisema ni uzee. Mimi na kaka tulimzika, na sikuuliza, ingawa nilijua mbwa yule hakuwa mzee kiasi hicho.

Mrututu ulikuja hivi. Nilikuwa na nyanya zangu nje ya uzio wa mabanda, na majani yakaanza kuwa meusi na kunyauka. Mwenye duka la pembejeo akaniuzia mrututu niuchanganye na chokaa na maji ninyunyizie. Ni mawe madogo ya bluu, mazuri kuyatazama, unaweza kudhani ni ya kutungia shanga. Niliyaweka kwenye kopo lenye kifuniko, nikalitundika kwa waya juu ya mlango wa stoo. Wifi alivutiwa na rangi ile akaniuliza ni nini. Nikamweleza nilivyoelezwa dukani, kwamba jiwe hili limetokana na shaba, shaba hii hii ya nyaya na bangili. Neno lile nilimpa mimi, kwa mdomo wangu.

Kisha Bosi akaanza kuugua. Alilala wakati wenzake wanabweka. Alikunywa maji kupita kiasi na kuacha chakula, na akikila anakitapika. Nikaona fizi zake zina rangi ya manjano, nikamwita kaka aje atazame. Akatazama, akamfunga kamba akampeleka kwa daktari. Alirudi na dawa. Bosi alizidi kukonda huku tumbo linavimba, na siku chache baadaye akafa. Kaka akampeleka tena kwa daktari, safari hii kwa toroli, ili apasuliwe ijulikane kafa na nini.

Siku aliyokwenda kuchukua majibu, sebule ilikuwa imejaa. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja kutoa pole, kwa sababu kwa kaka kifo kile kilikuwa kama cha mtu. Wanunuzi wawili nao walikuwepo. Walishachagua watoto wao bandani, lakini waliposikia Bosi amekufa walitaka kwanza kujua sababu. Mmoja alisimamia ghala la nafaka, mwenzake alikuwa na kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai.

Kaka aliingia, akakaa, akafuta uso. Shangazi akamuuliza daktari amesema nini. Kaka akasema, "Amekuta shaba kwenye ini. Ini lote limejaa shaba."

Akaishia hapo. Mnunuzi wa ghala akauliza shaba inaingiaje kwenye ini la mbwa. Kaka akatazama zulia. Na wifi, ambaye alikuwa anafikiri kwa sauti kama kawaida yake, akasema taratibu, "Lile jiwe lako la bluu si la shaba, wifi?"

Siamini alikusudia. Niliuona uso wake wakati neno linatoka, ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka kitu. Lakini neno likishatoka sebuleni halirudi. Shangazi akaagiza kopo lishushwe. Likaletwa, likafunguliwa, wote wakainama kutazama mawe yangu ya bluu kama wanaotazama nyoka kwenye kikapu. Shangazi akaniuliza nimempa nini mbwa wa watu. Nikasema sijampa kitu. Akauliza nani hupika chakula chao. Nikasema mimi. Akauliza kopo ni la nani. Nikasema langu. Maswali yalikuwa mafupi na majibu yangu yote yalikuwa ya kweli, na kila jibu lilinizamisha.

Nikamtazama kaka. Alikuwa bado anatazama zulia. Wale wanunuzi wawili nao niliwaona wakilegeza mabega. Walikuwa wamekuja na hofu ya ugonjwa, wakaondoka na habari ya mwanamke mwenye sumu, na watoto wao wa mbwa mkononi.

Shangazi alisema afadhali nitafute pa kukaa. Nilitoka na sufuria zangu mbili na mwiko.

Nilipanga chumba karibu na gereji moja, nikaanza kuwapikia mafundi chini ya turubai. Mwanzo walikuja. Kisha habari ikanifuata. Nikaitwa Mama Mrututu. Fundi mmoja akipokea sahani aliuliza kama leo bluu imo, wenzake wanacheka, naye anakula. Halafu wakawa wanacheka bila kula. Halafu hawakuja. Mshonaji akisemwa mwizi wa vitambaa bado ataletewa kazi, lakini mpishi akisemwa ana sumu hana kazi tena popote, hata msibani hawamwiti akakune nazi. Sikuwa na ujuzi mwingine. Ama jina lile linitoke, ama nife na sufuria zangu zimefunikwa.

Jambo lililonisumbua zaidi ya matusi ni kwamba hata mimi sikujua. Sikumpa Bosi mrututu, hilo nina uhakika nalo. Lakini je, alipenya siku moja akalamba majani? Je, upepo ulipeleka dawa kwenye bakuli lake? Na kama si hivyo, shaba iliingiaje? Nilijaribu kuifikiria. Mbwa hajameza bangili, hajameza waya, na bado ndani ya ini lake kuna madini. Nilikuwa nikiosha vyombo nasimama, mkono kwenye maji, nawaza ini. Basi nikafunga kipande cha mrututu kwenye karatasi nikaenda kwa daktari yule yule.

Chumba chake kilikuwa na meza ya bati katikati, mizani ya kukanyaga sakafuni, na paka kwenye kikapu aliyekuwa akinilaani kwa macho. Daktari ni mtu mnene, miwani juu ya paji la uso, anaongea kama anayepima maneno kwa kijiko. Akaniuliza mnyama wangu yuko wapi. Nikamwambia sikuleta mnyama, nimeleta jiwe, na nataka kujua kama jiwe hili ndilo lililomuua mbwa mweusi wa pale kwa kaka yangu.

Akafungua karatasi, akatazama, akatazama na mimi.

"Ndiye wewe uliyekuwa unawapikia?"

"Ndiye mimi. Ukitaka kuniogopa, wahi, foleni ni ndefu."

Akacheka mpaka miwani ikashuka mahali pake. Akaniuliza nani ameniambia mrututu umemuua. Nikamweleza yote, trei ya chai na zulia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoacha kucheka. Mwisho akasema nisogee dirishani.

Kulikuwa na darubini ya kutazamia vitu vidogo. Akatoa kipande cha kioo chembamba, akasema hapo ndani kuna utando wa ini la Bosi, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umetiwa rangi ambayo ikikutana na shaba inageuka nyekundu. Akanionyesha pa kuweka jicho. Kwanza niliona kope zangu. Kisha nikaona. Vijumba vingi vimebanana kama sega la nyuki, na ndani yake chembe nyekundu, nyingi, kama mtu aliyesaga tofali akanyunyiza. Kati ya vijumba kulikuwa na mistari iliyopauka. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Nikamuuliza zile chembe ziliingiaje. Akasema shaba iko kwenye chakula, chakula cha kila mtu, na mwili unaihitaji kidogo. Inayozidi, ini huichukua na kuitupa kwenye nyongo, nyongo inaishusha tumboni, inatoka na choo. Ila kuna mbwa wanaozaliwa na ini lisilojua kutupa vizuri. Shaba inaingia, haitoki. Nikamuuliza kama ni sawa na sinki la jikoni lililoziba wakati bomba halijafungwa. Akasema ni hivyo hivyo. Na chakula chenye shaba kuliko karibu vyote ni kipi, akaniuliza. Akasema, "Maini."

Nilikumbuka ndoo za kila asubuhi. Nilikumbuka nikiyakata kwa uangalifu, nikimwekea Bosi kipande kikubwa kwa sababu ndiye Bosi.

Kuhusu mrututu, alisema mbwa akiumeza kiasi cha kumuua, unamchoma tumbo, anatapika matapishi ya kijani au bluu siku hiyo hiyo, wala hangoji kukonda. Ile mistari iliyopauka niliyoiona ni makovu, na ini halipati makovu kwa siku moja. Shaba ile ilikuwa inajikusanya tangu Bosi akiwa mdogo. "Hata kama alilamba jani lako moja," akasema, "hilo ni tone kwenye pipa lililokuwa limeshajaa."

Nikamuuliza na ini langu mimi. Akasema langu bila shaka linatupa vizuri. Nikamwambia basi ni hilo tu, maana vingine vyote mimi naviweka.

Nikamweleza habari za mama yake Bosi, yule wa macho ya manjano. Daktari akashusha kalamu. Akasema ndiyo maana alimwambia kaka yangu siku ile ile, wamekaa kwenye viti hivi hivi, kwamba ugonjwa uko kwenye ukoo wa mbwa wake, kwamba maini yakome, ndugu zake Bosi na watoto wapimwe, wenye shaba wapewe vidonge vya kuitoa, na wasipandishwe tena ndugu kwa ndugu. Alimweleza taratibu, na kaka aliuliza maswali mazuri.

Maneno yale yalinikata maini kuliko yote ya sebuleni. Kule nilidhani kaka hajui. Kumbe alibeba majibu mazima toka kwa daktari, akafika nyumbani akatoa nusu, nusu nyingine akaikalia.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilipita uani bila kubisha hodi mlango wa mbele. Ndoo ya maini ilikuwa imefunikwa juu ya ukuta, kavu, buibui ameshaanza kujenga. Kaka alikuwa amechuchumaa mbele ya jike, dada wa tumbo moja na Bosi, anamlisha kipande cha mkate kwa kiganja. Niliona kidonge kabla mkate haujamezwa.

Nikamuuliza anampa nini. Akasema vitamini.

"Za kutoa shaba?"

Alimpangusa mbwa mdomo, akakaa kwenye sakafu yenye maji na suruali yake nzuri. Nikamwambia nimetoka kwa daktari, nimeliona ini kwa jicho langu. Akasema wale wanunuzi wawili walikuwa pale, wanangoja. Angesema nini? Kwamba mbwa wote wa kwenye kibao kile ni wagonjwa?

"Ungesema si dada yangu."

"Wangeniuliza, basi ni nini."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kichwani. Halikuwa jibu la mtu mkatili. Lilikuwa jibu la mtu aliyetazama kushoto akaona mabanda yake, akatazama kulia akaniona mimi na trei, akachagua. Na sikumshangaa sana, maana ndivyo nyumba yetu ilivyochagua tangu tulipokuwa wadogo, na yeye hajawahi kulazimika kujifunza njia nyingine.

Akasema nimsamehe, alisema vizuri, kwa sauti ya chini, jike akiwa ameweka kichwa pajani kwake. Nikamwambia hapa wanaosikia ni mbwa. Aliponinyamazia palikuwa na watu. Akasema atatafuta siku.

Wifi alikuwa dirishani mwa jikoni. Hakuwa akijua hayo, niliona kwa alivyoshika kingo za dirisha.

Aliyekuja kwangu, siku chache baadaye, ni yeye. Saa ya chakula, mafundi wachache wakiwa wameketi kwenye matairi yao wanakula vitumbua vya duka la jirani, wifi akaingia chini ya turubai langu amevaa kama anakwenda harusini, akavuta benchi, akaagiza sahani. Nikampakulia. Akala yote. Akaomba nyongeza, akala, akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akawageukia mafundi akasema kwa sauti ya mnadani kwamba yeye ndiye aliyenipa jina la Mama Mrututu, na alikosea, mbwa alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa, daktari yupo akaulizwe. "Anayetaka kufa hapa atafute ugonjwa mwingine," akasema. "Chakula hiki hakiui. Chumvi tu ndiyo imezidi."

"Chumvi haijazidi," nikamwambia. "Ulimi wako ndio umezoea kupika kwako."

Fundi mmoja akacheka, akainuka, akaja na sahani. Wengine wamerudi kidogo kidogo. Si wote.

Wifi alikwenda pia kwa shangazi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema wanawake wawili waliokuwa marafiki wanaweza kupatana na kupanga maneno. Mwenye mbwa ni mwanamume yule, na akisema yeye, ataamini. Kwa hiyo misiba ya ukoo bado naisikia kwa watu. Na jina langu kwa ukoo liko pale pale nilipoliacha, kwenye zulia.

Yule mbwa mdogo aliyekwenda ghalani namwona. Njia yangu ya sokoni inapita getini kwao. Amekuwa mkubwa, mweusi, na zile nyusi zake. Nikipita nasimama, namwita, anakuja kwenye nondo, namtazama macho na fizi. Macho bado ni meupe, fizi bado za waridi. Sijui ini lake ni la aina gani, kama linatupa au linaweka, na ninatamani kulijua kuliko ninavyotamani mambo mengi. Nilimwambia mlinzi wasimpe maini. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia amuulize aliyewauzia. Akasema walishamuuliza wakati wa kumnunua, na aliwaambia mbwa wake hawana tatizo, ila kulikuwa na mwanamke mmoja.

Kaka yangu bado hajaipata siku. Anachodaiwa ni ile nusu ya maneno ya daktari, aitoe kwa sauti, sebuleni, shangazi akiwa kwenye kiti kile kile na mnunuzi wa ghala na wa kituo cha mafuta wakiwa wameitwa. Si ndefu, haimalizi kikombe cha chai. Trei nitaishika mimi, kama anataka. Shangazi anazidi kuzeeka, na yule mbwa wa ghalani, jana nilipopita, walikuwa wanamwekea chakula. Niliinama nione ni nini, lakini bakuli lilikuwa mbali.